Imla Katika Nyumba Isiyo na Dari

Jumamosi, 5 Aprili

Nimehamishwa leo. Naandika nimehamishwa, si nimehama, kwa sababu anayehama hubeba na nia yake, na nia yangu mimi imebaki nyumbani kwangu Levolosi pamoja na kabati la vyombo. Luqman, mwanangu wa pekee, anasema ni kwa ajili ya masika tu, maji yasije yakaingia ndani na kunikuta peke yangu kama mwaka jana. Halafu akaongeza, huku akiitazama barabara kana kwamba inaweza kumkimbia, kwamba mvua zikiisha twende kwa mwanasheria nitie sahihi, nyumba ya Levolosi iuzwe, na yeye anunue moja kwa moja hii anayopanga sasa. Yupo mtu anayeitaka Levolosi. Ataibomoa ajenge fremu za maduka. Nilimwambia mvua zikiisha nitampa jibu langu. Nina hakika alisikia "mvua zikiisha" na hakusikia "jibu langu".

Hii anayopanga ni kiwanda. Zamani kilikuwa cha kukoboa kahawa, na watu wa rika langu tunakikumbuka kwa vumbi lake. Wamekikata vipande sita kama mkate, kila kipande wamekiita lofti, na kinachowatoa watu udenda ni paa lake la bati lililopindwa, mfano wa pipa lililopasuliwa katikati na kufunikwa. Ukiingia unatakiwa uinue uso na kusema "waoo". Niliinua uso. Niliona bati, vyuma na nyaya za umeme. Nikauliza dari iko wapi.

"Mama, hakuna dari," Luqman akasema. "Hiyo ndiyo raha yenyewe."

Mimi na marehemu mume wangu, Saadi, tulikaa miaka saba bila dari, na hakuna mtu aliyetuambia kwamba tulikuwa tunastarehe.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ya asubuhi. Nimepewa chumba cha chini. Wao wanalala juu, kwenye kitu wanachokiita mezanini, ambacho ni rafu kubwa ya kuwekea watu. Mbele haina ukuta, ina ukingo wa vyuma tu, kusudi mtu akiamka kitu cha kwanza kukiona kiwe bati. Kuta za kugawa vyumba, hata zile za kututenga na majirani, hazifiki paani. Zimeishia njiani ili paa lionekane lote. Juu ya kuta vitakuja vioo, ambavyo vimeagizwa na vitafungwa mvua zikiisha. Inaonekana mambo yote ya mji huu yanasubiri mvua ziishe.

Mezani kulikuwa na kipeperushi cha matangazo: "Furahia dari za kuba, urefu wa mita tisa." Nilichukua kalamu nyekundu. Kuba ni la msikiti. Dari ni kile kinachoziba paa lisionekane. Hapa hakuna hiki wala kile. Nimewapa mbili ya kumi, nazo ni za usafi wa karatasi.

Nimeandika yote haya kwa sauti, kama kawaida yangu. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne na imla ndiyo iliyokuwa fimbo yangu. Mpaka leo mkono hauandiki kabla mdomo haujatamka, mkato na nukta zikiwemo. Saadi alikuwa akisema hakuoa mke, alioa redio. Hapa angalau mlango wa chumba changu unafungika, na sauti humu ndani inakuwa nzuri, nzito, kama ya mkaguzi wa shule.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Ummy ametia karoti kwenye pilau.

Ijumaa, 11 Aprili

Huyu Ummy ni mke wa Luqman, huu ni mwaka wao wa sita. Ni mfamasia katika duka la dawa mjini. Kutwa nzima anasimama, na akirudi bado anasimama, kwa maana chakula anakila wima kwenye meza ya jikoni wanayoiita kisiwa. Meza ya kulia ipo. Imetengenezwa kwa mbao ambazo hazijapigwa randa, tena makusudi. Saadi, aliyekuwa seremala, angelia. Ukimwambia Ummy jambo lolote anajibu "sawa, mama", na anaendelea na alilokuwa akifanya. Mtu asiyebisha ama hana akili ama anazo nyingi, na mpaka leo sijaona dalili ya nyingi.

Jirani wa kipande cha mwisho ni Mzee Suresh. Babu yake ndiye aliyejenga kiwanda, yeye ndiye aliyekikata. Mashine ya kukobolea ameipaka rangi nyeusi na kuisimamisha mlangoni iwe pambo, watoto wa matajiri wapigie picha. Mlango wake anaufunga polepole kama mtu anayejiibia mwenyewe. Familia ile iliuza kahawa ikaisha, na sasa anauza hewa iliyokuwa juu ya mashine. Na wateja wapo. Kuwadanganya watu wa siku hizi ni rahisi, hamna haja hata ya kuficha bati.

Jumapili, 13 Aprili

Pilau tena, bila karoti. Pengine zimeadimika sokoni.

Alhamisi, 17 Aprili

Balbu ya sebuleni imeungua. Kwa watu wenye akili timamu hii ni kazi ya kupanda kwenye stuli. Hapa ilibidi aitwe Lemburis, mlinzi wa getini, na ngazi mbili zifungwe kamba ziwe moja, na Luqman azishike chini huku amefumba macho. Lemburis ni mtu mzima wa kijiji cha Oldonyo Sambu na ananiita Yeyo, neno ambalo kwao ni la kumheshimu mama wa umri wangu. Alipofika juu alitulia, akatazama pande zote.

"Yeyo," akasema, "kwetu nyumba ni fupi ili moto usitoroke. Hawa wamejenga ili utoroke."

Ndiye msomi wa kwanza niliyekutana naye katika jengo hili. Joto lote la jiko, la pasi na la miili yetu linapanda kwenda kukaa na shomoro kule juu, na sisi chini tunavaa sweta mbili mbili na kupeana hongera kwa nafasi.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua tangu alfajiri hadi adhuhuri. Luqman hakwenda ofisini asubuhi, watalii anaowapangia safari wamekwama barabarani huko mbugani. Alikuja kukaa kwenye kitanda changu, nami nikamuuliza kwa utaratibu, bila kejeli, anaona nini kule juu.

Alifikiri. Akasema alipokuwa na miaka kumi na mitano alikuwa akinyoosha mkono na kugusa dari ya chumba chake kule Levolosi. Tangu mdogo alikuwa akilala anaona kichwa cha kila msumari alioupigilia baba yake, mpaka akavijua kwa idadi, mia mbili na kumi na viwili. Alijisikia kama nyumba imemkalia kifuani.

"Hapa napumua, mama," alisema. "Ni hilo tu. Napumua."

Kisha akaenda kazini. Nimekaa na neno lake mpaka sasa na limenichoma. Misumari ile niliishika mimi, mmoja mmoja, nikimpa Saadi juu ya meza.

Watoto hawajui. Tuliezeka tukahamia, tukakaa miaka saba na bati tupu. Mvua ikinyesha hatukusikiana. Mama yangu alipofariki watu walikuja kutupa pole na walilazimika kupiga kelele, ukawa msiba wa kupigiana kelele. Halafu Saadi akaanza dari, kila mwaka chumba kimoja, vyumba vinne, sebule kwanza kwa ajili ya wageni na chumba chetu mwisho. Siku aliyoziba chumba chetu mvua ilinyesha jioni, nikamsikia Saadi akipumua pembeni yangu. Nilikuwa nimeolewa naye miaka kumi na moja na sikuwahi kuisikia pumzi yake wakati wa mvua. Dari ni hiyo. Dari ni kumsikia mwenzio mvua inaponyesha. Hilo halimo kwenye kipeperushi.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Asubuhi mawingu yaliachana na jua likaingia kwa madirisha ya kule mwisho, likapanda kwenye bati polepole, likaufuata mpindo wake wote hadi upande wa pili, na kwa dakika kama kumi paa zima likawa na rangi ya asali. Shomoro walipita katikati. Nilikaa na kikombe cha chai mdomo wazi, nikasema "waoo". Namshukuru Mungu hakuna aliyenisikia.

Mchana nilikutana na Mzee Suresh kwenye ujia. Badala ya habari za mchana alisema, "Waoo, mwalimu," akatabasamu na kupita. Sijui mzee mzima kama yule anaokota wapi lugha hizi.

Jumanne, 29 Aprili

Wameleta wageni, marafiki wanne wa Luqman na wake zao, kuja kutazama paa. Watu wazima wanaotoka makwao kuja kutazama paa. Waliinua nyuso, wakasema "waoo" kwa zamu, wakapiga picha. Mmoja akaulizia kile chumba kidogo kilicho wazi chini ya rafu, kama ni cha mtoto. Luqman akasema bado. Ummy akapanda juu kuleta kitu na hakushuka mpaka walipoondoka. Hata kuwaaga wageni hakuaga. Ndiyo malezi ya siku hizi.

Mimi nasema wazi. Miaka sita ya ndoa, na nyumba yenye nafasi yote hii haina hata kilio cha mtoto. Uwazi juu, uwazi chini, uwazi tumboni.

Niliitamka sentensi hiyo kwa nguvu, maana mvua ilikuwa imeanza kupiga bati kiasi cha kuziba masikio. Nikiwa katikati yake mvua ikakatika, ghafla, kama zinavyofanya mvua zinazoshuka kutoka Meru, na neno la mwisho likabaki peke yake humu ndani. Lilipanda, likazunguka, likarudi. Sikuipenda sauti yake. Lakini sentensi imepangika vizuri na siifuti.

Alhamisi, 1 Mei

Ummy hajashuka kula tangu juzi. Luqman anasema kichwa kinamuuma. Naye Luqman haniangalii usoni. Lazima ni mambo ya ofisini.

Jumapili, 4 Mei

Ummy ameshuka. Akasema "Shikamoo, mama," akavuta kiti, akala amekaa. Chumvi ilikuwa sawa. Sijui kwa nini nimeliandika hili.

Jumatano, 7 Mei

Mvua na ukungu. Mlima hatujauona siku ya nne. Luqman ameleta karatasi za mwanasheria "nizisome tu". Nimezisoma. Nimesahihisha makosa sita ya tahajia na kumrudishia bila sahihi.

Jumatatu, 12 Mei

Haya nayaandika mdomo umefungwa. Ni mara ya kwanza tangu nijue kuandika, na mkono unakwenda kama wa mtoto wa darasa la pili.

Saa nne asubuhi, Luqman na Ummy wakiwa kazini, Mzee Suresh alibisha hodi. Alikuwa na daftari la mistari kifuani. Nilimkaribisha kwenye ile meza ya mbao mbaya. Akasema ana ombi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa mjini, na katika imla hakupata kuvuka nne ya kumi. Mwalimu wake alikuwa akimsimamisha mbele ya darasa. Jambo hilo limemkera miaka sitini. Sasa, mwezi uliopita, alinisikia nikisoma imla. Wiki ya kwanza alidhani nafundisha mtoto wa mtu, akachukua kalamu ajijaribu. Alipofika wiki ya pili alikwisha jua kwamba mtoto hayupo.

"Nilipaswa kukuambia, mwalimu," alisema. "Lakini ilikuwa tamu. Na unatamka vizuri sana."

Nilimuuliza amenisikia akiwa wapi. Kwenye kiti chake, akasema, kule mwisho, kama vile nimekaa naye pamoja. Paa hili linabeba sauti. Baba yake aliiweka meza yake kule kwa sababu hiyo. Wafanyakazi walikuwa wakimteta huku walikopakia magunia, naye anasikia neno kwa neno, na hakumwambia mtu hata siku moja. Nikauliza, je, wanaokaa katikati? Akasema inategemea mtu yuko wapi.

"Kule juu kwenye mezanini yenu," akaanza, kisha akatazama viatu vyake.

Nilifungua daftari. Yote yalikuwamo, kwa wino wa bluu, kuanzia kipeperushi. Karoti zilikuwamo. Kisiwa kilikuwamo. Hata yeye mwenyewe alikuwamo, anayefunga mlango kama anayejiibia, hakujipunguzia neno. Ameandika "raisi" badala ya "rahisi", na "amna" badala ya "hamna", kama nusu ya watu wa mji huu. Nilianza kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nasahihisha ili nisifikiri. Nikafika tarehe 29 Aprili. Wageni walikuwepo, picha zilikuwepo, kilio cha mtoto kilikuwepo. Baada ya hapo kulikuwa na mstari mzima wa vitone, na chini yake kwa herufi ndogo: Hii niliiacha.

Nilimuuliza kwa nini ameruka sentensi.

"Ile haikuwa imla, mwalimu," alisema Mzee Suresh.

Nilimpa tisa ya kumi. Alifurahi waziwazi, akalikumbatia daftari lake na kuondoka, na mlango akaufunga polepole. Niliketi pale pale mpaka adhuhuri. Karoti zile hazikuadimika sokoni. Kichwa kile hakikuwa kinauma. Mwezi mzima nimewadharau watu wa nyumba hii kwa sauti ya mkaguzi, na mwezi mzima wamekuwa wakinipikia. Yule binti alisikia uwazi wa tumbo lake ukisomwa kwa mkato na nukta, siku ya tano akashuka akanipa shikamoo. Nina aibu. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Kimya.

Ijumaa, 16 Mei

Kuba linavuja. Limevuja kama bati la mtu yeyote, kwenye tundu la msumari, moja kwa moja kwenye mto wangu, kutoka mita tisa, kwa hiyo tone linafika likiwa na hasira. Luqman alileta beseni na uso wa mtu aliyefiwa. Lemburis alikisogeza kitanda mpaka kwenye ukuta wa pili. Akajaribu kukaa, akatega sikio, akacheka. "Yeyo, hapa utasikia mpaka panya wakipiga soga."

Jumapili, 18 Mei

Mchana baada ya kula nilijilaza kwenye kitanda hicho kilichohamishwa. Mvua haikuwepo. Luqman na Ummy walikuwa juu kwenye rafu yao, wakidhani nimelala, na maneno yao yalishuka kwenye mpindo wa bati hadi sikioni mwangu bila kupungua. Ningeweza kukohoa. Sikukohoa.

Luqman alikuwa akimwomba Ummy aniambie yeye habari ya kuuza nyumba. Alisema mvua zinaisha, mnunuzi anasubiri, na mimi bado namwona yeye Luqman ni mtoto. Lakini Ummy akiniambia nitakubali.

"Simwambii," alisema Ummy.

"Ummy, huyu mtu amekutukana humu ndani mwezi mzima. Amekusema mpaka tumbo. Nami nimenyamaza kwa sababu ni mama yangu, na nitajuta mpaka kufa. Halafu wewe unamtetea?"

Nilidhani Ummy analia, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu.

"La tumbo nimelisikia. Na la dari nimelisikia. Wewe ulikuwa umekwenda kazini siku ile, mimi nilikuwa hapa juu. Miaka saba bila kitu, kisha kila mwaka chumba kimoja. Anasema dari ni kumsikia mwenzio mvua inaponyesha." Akavuta pumzi. "Hapa ikinyesha mimi na wewe hatusikiani, Luqman. Hujaona? Mimi silali chini ya paa lililonunuliwa kwa dari ya baba. Mama akipoteza ile nyumba atabaki na maneno tu, na maneno yake umeyasikia."

Baadaye nilisikia hatua za Luqman zikishuka ngazi na mlango wa nje ukifungwa.

Nilisema sijaona dalili za akili nyingi. Niliandika hivyo, tarehe 11 Aprili. Nilikuwa natazama bati.

Jumanne, 20 Mei

Nimekunywa chai kwa Mzee Suresh. Nilimuuliza kama babu yake aliinua paa namna hii ili lipendeze. Akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa kwa ajili ya vumbi na joto, lipande juu, wasife watu. "Hakuna mfanyakazi aliyewahi kutazama juu, mwalimu. Ukitazama juu, mashine inachukua vidole." Alisema sasa anakaa hapa kwa sababu mahali pengine kimya kinamsumbua. Nimemsomea imla mpya, ya kawaida, kuhusu ufugaji wa nyuki. Saba ya kumi. Bila matusi makini yake hupungua.

Jumapili, 25 Mei

Siku ya tano bila mvua. Asubuhi Mlima Meru ulikuwa mtupu hadi kileleni, kwa hiyo hakuna tena aliyeweza kusema tusubiri.

Nilimwita Luqman mezani na karatasi zake za mwanasheria, nikampa jibu. Siuzi. Nitarudi Levolosi Jumapili ijayo, na nikifa atafanya atakavyo, abomoe mpaka msingi, sitakuwepo kuandika. Nilimwambia pia kwamba lile la kukaliwa kifuani nimelisikia na sikulijua. Akitaka, dari ya chumba chake cha zamani nitaing'oa kwa mkono wangu, awe anakuja kutazama bati lake na kupumua.

Alitaka kukasirika. Kisha akainama kwenye zile mbao zisizopigwa randa, akaweka kiganja juu yake.

"Iache, mama," alisema. "Misumari ile ndiyo niliyojifunzia kuhesabu."

Ummy alikuwa kwenye kisiwa, amesimama. Aliuliza kama Jumapili anaweza kunisindikiza Levolosi akaione hiyo dari vizuri, maana mara zote alizokuja hakuwahi kuinua uso. Nikasema sawa. Sikuweza kusema zaidi ya hapo. Mimi, mtu wa maneno.

Jumamosi, 31 Mei

Mafundi wa vioo wameahidi kuja saa sita mchana. Wakishamaliza, kila chumba kitakuwa na sauti yake na paa litaacha kubeba. Kwa hiyo nilikuwa na asubuhi moja.

Saa tano Luqman alikuwa ametoka. Ummy hana zamu leo, alikuwa juu akikunja nguo. Nilikisukuma kitanda peke yangu mpaka mahali pake pa mwanzo, pale ambapo mtu akisema anasikika kote. Nikafunga mlango, nikafungua daftari.

Katika darasa langu imla haikuisha kwa alama. Iliisha kwa masahihisho. Neno ulilolikosea uliliandika upya, kwa usahihi, chini ya kosa lako, na asiyefanya masahihisho hakupewa imla nyingine. Nilishika kalamu na kutumia sauti ile ile ya miaka thelathini na minne, inayofika dawati la nyuma.

"Masahihisho," nilisema. "Tarehe nane Aprili. Karoti kwenye pilau si kosa, nukta. Tarehe kumi na moja Aprili. Mtu anayesimama kutwa akiwapa wagonjwa dawa ale vyovyote apendavyo, nukta. Tarehe hiyo hiyo. Akili zipo nyingi, mkato, mwandishi ndiye aliyepungukiwa, nukta."

Juu nguo ziliacha kukunjwa.

"Tarehe ishirini na tisa Aprili," nilisema, na hapo sauti ya mkaguzi ikanitoka. Nilingoja irudi, haikurudi, nikaendelea na iliyobaki. "Sentensi ya siku hiyo imefutwa, nukta. Ilikuwa ya ukatili, mkato, na aliyeisema ana aibu, nukta. Ummy ni mwanangu, mkato, apate mtoto asipate, nukta."

Niliandika mpaka mwisho. Shomoro walikuwa wanagombana kwenye vyuma. Nilidhani hakuna jibu litakalokuja, na niliona ni haki yake lisije. Kisha kutoka kwenye ile rafu ikashuka sauti ya mtu aliyelia na hataki ijulikane.

"Mwalimu, rudia sentensi ya mwisho."

Kanuni yangu darasani ilikuwa kurudia mara mbili tu, aliyekosa amekosa. Leo nilirudia mpaka mafundi wa vioo wakabisha hodi.